Laki nne za skuta ya mashindano: anza na mkanda na tairi, silinda isubiri

SWALI

Shikamoo fundi,

Mimi ni kijana wa Makorora, Tanga. Mwenye ghala moja la zamani la mkonge, upande wa Pongwe, ametukubalia vijana tisa tutumie ua wake kila Jumapili asubuhi. Ua una ukuta pande zote na lami yake bado ni nzima. Tumepanga njia kwa matairi mabovu: mzunguko mmoja ni kama mita 350, kona nane, mbili kati ya hizo zinageuka kabisa mpaka unatazama ulikotoka. Sehemu ndefu iliyonyooka haifiki mita 90. Masharti yetu ni injini ya kupozwa kwa hewa isiyozidi cc 150, tairi za kawaida za barabarani, hakuna vioo, na kofia ngumu kwa kila mtu.

Nimenunua skuta ya Kichina yenye injini ya GY6 cc 125 na tairi za inchi 10. Inawaka. Baada ya kuinunua nimebaki na 400,000 na sitapata nyingine kwa miezi mitatu. Ili kupunguza uzito nimeshavua plastiki zote, pamoja na lile ganda jeusi lililokuwa limefunika silinda, ili upepo uipige injini moja kwa moja.

Matatizo yangu ni haya. Mizunguko mitatu ya mwanzo inakwenda vizuri, halafu nguvu inaisha, inazima, na haiwaki tena mpaka nisubiri kama dakika ishirini. Nikitoka kwenye kona kali injini inalia sana lakini skuta haisogei. Na nikiingia kona kwa kasi mkia unacheza, kama tairi la nyuma linataka kwenda kwake.

Fundi mmoja ameniambia dawa ni silinda ya milimita 61, kusaga hedi milimita moja, kutoa filta na kutoboa sailensa. Mwenzangu anasema tukate fremu chini ya miguu tuifupishe. Pesa yangu inatosha jambo moja tu. Nianze wapi? Vifaa ninavyo: spana, boksi spana na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) ya kuazima. Spana ya kupimia nguvu ya kukazia sina.

Kijana wa Makorora

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Umefanya la maana kutafuta ua uliofungwa. Angekuwa mtu anauliza habari ya kushindana usiku barabara ya Raskazone nisingemjibu neno hata moja la injini.

Nianze na ganda jeusi, kwa sababu hilo ndilo linalokuzimia skuta. Lirudishe leo, kabla hujawasha tena. Injini ya GY6 haipozwi na upepo wa safari kama pikipiki ya kawaida ambayo silinda yake iko mbele wazi. Silinda yako imelala chini ya kiti, nyuma ya miguu yako, na upepo mwingi haufiki pale. Inachotegemea ni feni iliyofungwa juu ya magneti (gurudumu la sumaku linalozunguka na injini), upande wa kulia. Feni inavuta hewa, na ganda linailazimisha ipite katikati ya mapezi ya silinda na hedi. Ukivua ganda, feni inapuliza hewa hovyo na mapezi hayapati kitu. Kwa joto la Tanga, kwenye njia fupi ambayo unavuta resi na kuachia kila baada ya sekunde chache, mizunguko mitatu ni mingi. Ganda lenyewe lina uzito mdogo sana. Likiwa limepasuka, lishone kwa waya mwembamba na uzibe nyufa kwa gundi ya kuhimili joto. Hakikisha vile vipande viwili vinakutana bila mwanya, na kwamba raba inayozunguka plagi ipo, maana hewa hutorokea hapo.

Kwa kuwa imeshapikwa mara kadhaa, usidhani kurudisha ganda kunatosha. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Azima geji, washa injini ipate joto kidogo, toa plagi, funga geji, vuta resi mpaka mwisho na upige kiki kwa nguvu mara saba au nane. Ukipata 150 psi au zaidi, injini yako ni nzima. Ukipata chini ya 110, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, vali hazikai vizuri au gasketi ya hedi inavuja.

Kabla ya kulaumu chochote, seti tapeti, yaani mwanya wa vali, tena injini ikiwa ya baridi kabisa, baada ya kulala usiku mzima. Fungua kifuniko cha hedi. Zungusha magneti mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kasha. Tazama gia ya kamshafti, shafti inayofungua vali: matundu yake mawili madogo yawe sambamba na uso wa hedi na tundu kubwa litazame nje. Roka zote mbili, mikono midogo inayosukuma vali, zicheze kidogo kwa mkono. Zikiwa zimebana, pistoni iko juu kwenye mzunguko usio wake, zungusha magneti duru moja zaidi. Weka 0.10 mm kwa vali zote mbili. Vali iliyobana haifungi sawasawa, moto unapita pembeni yake, inaungua, na dalili yake ya kwanza ndiyo hiyo ya skuta kukataa kuwaka ikiwa ya moto na kukubali ikipoa.

Kama gasketi ndiyo inavuja, hedi imepinda kwa joto. Usiende kusaga kwa mashine. Chukua kipande cha kioo kinene cha dirisha, kilaze mezani, weka msasa namba 400 juu yake na maji kidogo, kisha sugua uso wa hedi kwa mwendo wa namba nane, ukiigeuza robo kila baada ya muda. Sehemu ambazo msasa haujagusa zitabaki na rangi ya zamani, nawe utaona palipozama. Ukiona uso wote umekuwa rangi moja, acha. Hapo umetoa kiasi kidogo sana, tofauti kabisa na ile milimita moja uliyoshauriwa. Kusaga milimita moja kunapandisha mno kompresheni ya injini ya hewa, petroli inaanza kulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inatoboka. Tena kunailegeza cheni ya taimingi na kuchelewesha vali.

Sasa silinda ya milimita 61. Piga hesabu kwanza. Mwendo wa pistoni wa GY6 125 na 150 ni ule ule, 57.8 mm. Yako ina kipenyo cha 52.4, inatoa cc 124.6. Ya 57.4 inatoa 149.6. Ya 61 inatoa karibu 169, kwa hiyo umeshatoka nje ya masharti mliyowekeana wenyewe. Hata ile ya 58.5 inapita, ni 155. Juu ya hapo, ya 61 mara nyingi hudai kupanua mdomo wa kasha la injini kwa mashine, na pesa yako yote itaishia kwa mchongaji. Ukipata pesa baadaye, chukua 57.4 pamoja na hedi inayolingana nayo. Kwa sasa baki na 125.

Nguvu nyingi ya injini ina mahali pake, nayo ni njia ndefu iliyonyooka. Mwaka 1951 skuta ya Lambretta ya cc 125 iliyofunikwa bodi nzima kama samaki na kushindiliwa hewa kwa kompresa ilifika kilomita 201 kwa saa, ikiendeshwa na Romolo Ferri kwenye barabara kuu iliyonyooka Ujerumani. Wewe una mita 90, halafu kona. Hapo mshindi ni anayefunga breki kwa kuchelewa, anayepita kona bila kuteleza, na ambaye skuta yake inaondoka papo hapo akivuta resi. Mambo mawili ya kwanza ni tairi na breki. La tatu ni klachi na mkanda unaopeleka nguvu ya injini nyuma, na ndiyo maana injini yako inalia bila kusogea.

Fungua kifuniko cha kushoto na kabla ya kugusa kitu tazama na unuse. Vumbi kavu jeusi ni mkanda unaolika, jambo la kawaida. Ukikuta majimaji, tafuta yanakotoka. Yakiwa mbele, nyuma ya variata (puli ya mbele inayobadili mwendo yenyewe), ni sili, raba ya kuzuia oili, ya krankshafti, shafti kuu ya injini, inavujisha oili ya injini. Yakiwa nyuma, mazito na yenye harufu kali kama ya yai bovu, ni sili ya shafti ya giaboksi. Sili ni kitu cha bei ndogo, na bila kuibadilisha usisumbuke na mengine, kwa sababu mkanda uliogusa oili hauna dawa.

Soma namba za mkanda. Injini fupi za tairi la inchi 10 mara nyingi hutumia 743-20-30 na ndefu 842-20-30, lakini nunua kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye mkanda wako au iliyopigwa kwenye kasha. Hiyo 20 ni upana kwa milimita. Upime kwa kalipa: ukiwa umepungua zaidi ya milimita moja, au ukiukunja unaona nyufa kwenye meno, badilisha.

Kisha toa rola sita zilizo ndani ya variata. Kipimo chake ni 18 kwa 14 mm. Zikiwa na upande uliolika ukawa bapa, hazibingiriki tena, zinakwama, na skuta inasitasita. Nenda nazo kwa sonara ukazipime uzito. Za kiwandani mara nyingi hukutwa kati ya gramu 11 na 13. Rola nyepesi zinahitaji mzunguko mkubwa zaidi wa injini ndipo zirushwe nje na kusukuma mkanda, kwa hiyo injini inabaki kwenye mzunguko wenye nguvu kwa muda mrefu zaidi ukitoka konani. Kwa njia yenu, shuka gramu mbili kutoka ulizonazo. Ukiwa na seti mbili unapata uzito wa tatu bure: rola tatu za gramu 11 na tatu za gramu 9, moja ya aina hii na moja ya aina ile kwa kupokezana, ni sawa na sita za gramu 10. Zisipopokezana variata itatikisika.

Utajuaje zimekuwa nyepesi mno? Chora mistari kwa kalamu ya wino mzito kwenye uso wa puli ya mbele, kutoka katikati hadi ukingoni. Piga mizunguko mitano, fungua, uone mkanda umefuta wino mpaka wapi. Kwenye mita 90 si lazima ufike ukingoni. Ukiishia theluthi mbili na muda wako umepungua, umepatia. Ukiishia nusu, na injini inapiga kelele sehemu nzima iliyonyooka, rudisha gramu moja. Muda uupime kwa simu ya mwenzako aliyesimama nje, mizunguko mitano kwa kila seti, uchukue wa katikati. Sikio hudanganya sana katika jambo hili, kwa sababu skuta yenye makelele husikika kama ina mbio.

Variata haipakwi grisi kwenye njia za rola. Ifute kwa petroli, ikauke, basi. Bakuli la klachi lisugue kwa msasa namba 180 ndani mpaka ile ngozi inayong'aa itoke, na pedi zake vivyo hivyo. Springi ngumu za klachi, zile zinazouzwa kwa namba 1500 na 2000, ziache kwanza. Zinaifanya klachi ishike kwa kuchelewa, na kwenye kona zenu mbili kali itakuwa inateleza na kupata moto kila mzunguko. Baada ya usafi, kama bado inaondoka kwa uvivu, jaribu 1500 na usipite hapo. Springi kubwa ya puli ya nyuma usiiguse.

Sehemu inayoharibu injini nyingi ni kurudisha variata. Kabla hujaweka puli ya nje ya mbele, panua puli ya nyuma kwa mikono miwili na uuzamishe mkanda ndani yake ili upande wa mbele ulegee. Usipofanya hivyo mkanda unabanwa kati ya puli mbili za mbele. Nati inakaza, unaridhika, kumbe imekaza mkanda. Ukiwasha tu mkanda unapanda, nati inabaki imelegea, na meno ya krankshafti yanaliwa mpaka yanaisha. Hapo gharama ni injini kupasuliwa katikati.

Nati hiyo inataka 55 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Spana ya kupimia huna, lakini Tanga ina mizani ya ndoano kila mahali, azima kwa wachuuzi wa samaki kule Deep Sea. Tia ndoano kwenye mpini wa spana sentimita 50 kutoka katikati ya nati, vuta kwa pembe ya mraba kamili, na mizani ikisoma kilo 11 umefika karibu 54 Nm. Nati za hedi ni 20 Nm: sentimita 25 kwa kilo 8, ukikaza kwa msalaba, kwanza kilo 3, halafu 6, ndipo 8. Nati ya ekseli ya nyuma ni 110 Nm: sentimita 50 kwa kilo 22 na nusu. Hakikisha mizani inaanzia sifuri kabla ya kuvuta.

Hapo kwenye ekseli ya nyuma ndipo uanze kutafuta mkia unaocheza. Simamisha skuta kwa stendi ya kati, shika tairi la nyuma kushoto na kulia, lisukume huku na huku. Likicheza peke yake huku injini imetulia, ni nati iliyolegea, au meno ya rimu yameliwa, au beringi. Injini na tairi vikicheza pamoja, ni bushi za mpira zinazoishikilia injini kwenye fremu. Kwa skuta iliyotumika nadhani utakuta bushi, maana injini yote ya skuta inaning'inia na kubembea pamoja na tairi, na mpira ukichakaa hakuna kinachoiongoza. Mchonga lezi yeyote anaweza kukutengenezea bushi kwa mpira mgumu na mabomba ya zamani, ila apime vizuri ziingie kwa kubana.

Mbele nako kagua. Inua tairi la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukisikia kama unadondokea kwenye vijishimo ukifika katikati, gololi za shingo zimechimba njia yake na zinataka kubadilishwa.

Kukata fremu, hapana. Skuta haina bomba la juu kama pikipiki. Nguvu yote ya fremu inapita kwenye mabomba yale yale chini ya miguu. Ukiyakata na kuyaunga umeunga mahali panapovunjika, tena wakati wa breki. Kwanza yagonge kwa nyundo ndogo chini kote: sauti iwe kali. Ikisikika butu, au kutu ikadondoka kama maganda, fremu hiyo haifai mashindano hata ipakwe rangi gani, na hewa ya chumvi ya kwetu hula mabomba kutokea ndani. Ikiwa nzima, fanya kinyume cha mwenzako, ongeza. Bomba la chuma la milimita 25, unene wa milimita 2, kutoka chini ya shingo hadi karibu na sehemu ya mbele ya kiti, lichomelewe pande zote mbili kwenye vibati vya pembetatu, ili mzigo usikae kwenye mshono mmoja. Litakusumbua kidogo kupanda, lakini utaona skuta inavyotii. Siku ya kuchomelea toa tenki la petroli, chomoa betri na CDI, kile kisanduku cha umeme wa plagi.

Uzito upunguze kwa vitu ambavyo havibebi kitu: taa na glasi zake, keria, boksi la chini ya kiti, mabati ya ubavuni. Betri ijaribu kwanza. Ichomoe kabisa, piga kiki. Injini ikiwaka na kunguruma vizuri, CDI yako inajitegemea kwa koili ya magneti, na betri unaweza kuiacha nyumbani pamoja na stata. Isipowaka, betri ibaki.

Filta usitoe. Kabureta ya GY6, ile yenye kiwambo cha mpira juu, imepimwa kufanya kazi na boksi lake la filta. Ukiacha mdomo wazi hewa inazidi petroli, joto linaongezeka, na unavuta vumbi la ua wa mkonge moja kwa moja kwenye silinda. Vivyo hivyo kutoboa sailensa: unapata kelele, unakasirisha majirani wa mwenye ghala, na kuseti kwa kabureta kunavurugika. Unachohitaji ni usafi. Fungua, toa jeti (vipande vyenye matundu ya kupitisha petroli), safisha matundu kwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Sindano ya chuma inapanua tundu na namba ya jeti inakuwa haina maana tena. Kiwambo kitazame kwenye mwanga wa jua: tundu dogo kama la sindano ya kushonea linatosha kuzuia skuta isipande resi. Mwishoni soma plagi. Vuta resi yote sehemu iliyonyooka, zima kwa swichi ukiwa bado umevuta, toa plagi. Kahawia ni sawa. Nyeupe, hewa imezidi, panda jeti kwa hatua moja. Nyeusi ya masizi, shuka. Plagi iwe namba C7HSA au ya kulingana nayo, mwanya 0.6 hadi 0.7 mm. Na petroli nunua kituoni, si ya chupa ya barabarani, maana mafuta ya taa yakichanganywa humo injini ya moto itagonga.

Pesa yako igawanye hivi. 160,000 iwe ya tairi mbili mpya za 3.50-10. Kabla ya kulipa, soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa dukani miaka mingi huwa ngumu na itateleza hata kama manyoya yake ya mpira bado yapo. Ya mkononi usinunue kwa bei yoyote. Anza na 25 psi mbele na 28 nyuma tairi zikiwa baridi, ushuke 2 kwa wakati mmoja ukitafuta mshiko, na usiende chini ya 22.

40,000 breki: pedi za diski mbele, viatu vya nyuma, na chupa mpya ya mafuta ya breki ya DOT 4. Yale yaliyofunguliwa zamani yakae kando, kwa kuwa yanavuta unyevu wa hewa, na ukanda wetu una unyevu mwingi. Yakipata moto yanachemka na mkono wa breki unazama mpaka kwenye mpini.

60,000 mkanda na seti mbili za rola. 30,000 gasketi, sili na oili, ambayo injini huchukua takriban lita 0.8, ya 10W-40. Kijiti cha kupimia oili kikalishe tu bila kukizungusha. 30,000 bomba, bushi na kuchomelea. Zinabaki 80,000. Hizo usizipange. Kitu ambacho hujakiona kitazidai, na kama hakikudai, ongezea kwenye kofia na glavu. Kofia iliyokwisha kuanguka na kichwa cha mtu ndani haivaliwi tena, hata isipoonyesha ufa.

Bado kuna vitu vitatu visivyo na gharama ambavyo ningevifanya sharti kwa wote tisa. Kwanza, kamba ya kuzimia. Kwa skuta inayowaka bila betri, waya wa kuzimia wa CDI ukigusishwa kwenye bodi injini inakufa. Funga swichi ndogo inayogusisha pini ikichomoka, na pini ifungwe kwa kamba kwenye kifundo cha mkono. Pili, nati ya kumwagia oili itobolewe tundu la milimita 1.5 na kufungwa kwa waya ili isizunguke, na mpira wa pumzi ya injini uingizwe kwenye chupa ya plastiki ya nusu lita iliyofungwa vizuri. Oili ya mmoja kwenye kona inaangusha wanane. Tatu, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, vuta resi, achia. Fanya vivyo hivyo kulia. Kishikio kirudi chenyewe kwa mlio. Kikisita, waya umebanwa mahali, usiingie uwanjani.

Na matairi mliyoweka kona za karibu na ukuta yawe safu mbili yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya mkonge. Tairi moja lililosimama peke yake linarushwa pembeni na mtu anafika ukutani.

Fanya kazi kwa mpangilio huu: ganda na tapeti wiki hii, bushi na fremu ijayo, tairi na breki baada ya hapo, mkanda na rola mwisho. Ukianza na rola kabla skuta haijatulia hutajua muda umepungua kwa sababu gani. Jumapili ya kwanza piga mizunguko mitano tu, simama, gusa rimu ya nyuma na bakuli la breki kuona kama vina joto lisilo la kawaida, kagua nati zote kwa mizani, uendelee na mitano mingine. Niandikie kompresheni uliyopata, uzito wa rola zako za kiwandani, na muda wa mizunguko kabla na baada. Kwa hizo namba tatu nitaweza kukuambia kama ile silinda ya 57.4 itakufaa kitu.